Ilindwe Njia, Msichana Asome

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Mushaki, katika milima ya Masisi iliyo juu ya Sake, kama kilomita 40 kutoka Goma. Nilizaliwa hapa, nikasomea hapa, vita vikanikimbiza kutoka hapa zaidi ya mara moja, na hapa nimerudi. Nikiwa na miaka 15 nilikuwa nimeshaposwa na ng'ombe wa mahari wameshatajwa. Leo nina diploma ya Serikali, nina chaki mkononi, na wasichana ninaowafundisha wananiita Mwalimu mbele ya baba zao.

Ninatoa ushuhuda huu kwa ajili ya wasichana hao, na zaidi kwa ajili ya wazazi wao. Nimesikia mara nyingi wageni wakisema kwamba baba wa milima yetu humwoza binti yake mapema kwa sababu hamthamini. Baba yangu alinithamini. Alitaka kunioza kwa sababu aliogopa, na woga wake ulikuwa na msingi. Asiyeuelewa woga huo hawezi kuubadilisha.

Wengi huisikia Mushaki redioni siku za mapigano tu. Mushaki ya utoto wangu ni malisho ya kijani yanayopanda mpaka kwenye ukungu, madumu ya maziwa yanayofungwa kwenye pikipiki alfajiri, jibini zinazopelekwa Goma, na vijana wanaoteremka kwenda Sake na chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizosheheni viazi na kabichi. Shule yetu ilikuwa ya mbao na mabati. Siku zile mzazi ndiye aliyeibeba shule mabegani. Mbali na kaye na sare, alilipa prime ya walimu, kwa sababu mshahara wa serikali haukutosha, na mara nyingine haukufika kabisa. Mavuno yakiwa mabaya, wazazi walikaa jioni kupanga nani aendelee na nani apumzike. Aliyepumzika alikuwa msichana. Walisema yeye ni wa nyumba nyingine, na elimu yake itakwenda kuwafaidi wengine.

Desemba 2007 nilikuwa mwaka wa sita wa shule ya msingi. Mapigano kati ya jeshi la serikali na kundi la CNDP la Laurent Nkunda yakafika Mushaki. Katika siku chache upande mmoja uliiteka, kisha upande wa pili ukairudisha mikononi mwake. Sisi tulikuwa tumeshateremka Sake pamoja na mbuzi, masufuria na watoto, na kutoka Sake tukaendelea mpaka kambi ya Mugunga, juu ya mawe ya lava. Kambini niliona jinsi vita vinavyowatenga watoto. Kaka zangu walitafutiwa nafasi katika shule za jirani. Mimi nilipewa bidoni ya maji na mtoto wa kubeba mgongoni. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulifanyika bila mimi.

Katika vitu vichache ambavyo Mama alivibeba kutoka nyumbani kulikuwa na kadi zetu za kupimisha kilo kliniki, alizozifunga ndani ya plastiki na kuzificha kwenye kikwembe chake. Hakujua kusoma. Alijua tu kwamba muuguzi aliandika humo siku aliyotuzaa, na kwamba karatasi iliyoandikwa na mtu aliyesoma haitupwi. Kadi yangu ilikuja kuniokoa miaka minne baadaye.

Tulirudi Mushaki mwaka 2009, baada ya makubaliano ya amani ya tarehe 23 Machi. Nilirudia mwaka wa sita, nikafanya mtihani mwaka 2010, nikafaulu. Shule ya sekondari ilikuwa mbali zaidi. Njia yake ilipita katikati ya mahindi marefu, ikaingia kwenye mikaratusi, ikakutana na bariyeri za watu wenye silaha ambao leo walikuwa wa kundi hili na kesho wa kundi lile.

Likizo ile kabla sijaanza sekondari, habari za Luvungi zilitufikia kutoka Walikale. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, wapiganaji waliingia Luvungi na vijiji vya jirani wakawabaka watu usiku baada ya usiku. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu wahanga 387: wanawake 300, wanaume 23, wasichana 55 na wavulana 9. Walikale ni jirani zetu. Watu wa huko tunakutana nao sokoni, tunaoana nao, tunasali nao. Baada ya habari hizo, Baba hakuweza tena kukaa ndani jioni. Alisimama barabarani mpaka anione nimetokea, na nikichelewa alianza kuteremka kunitafuta.

Mwaka 2011 ilikuja posa, kutoka kwa mtu mzima wa familia yenye ng'ombe. Nilimsikia Baba akimwambia Mama, "Mama watoto, nikimpeleka kwa mume atapata mtu wa kumlinda. Nikimwacha kwenye njia ile, nitamzika." Hakutaja utajiri wala ng'ombe. Alisema kumlinda.

Nimefikiri sana juu ya neno la Baba tangu siku hiyo, kwa sababu nimelisikia tena na tena kwa wazazi wa wanafunzi wangu. Wanaiona ndoa kuwa ni ngome. Lakini mimi nilikuwa na wenzangu wa darasa walioolewa kabla yangu, na niliona hiyo ngome yao ilivyokuwa. Waliendelea kwenda kutafuta kuni katika misitu ileile, kupita bariyeri zilezile, sasa wakiwa na mimba kabla mwili haujakomaa. Wengine waliteseka vibaya wakati wa kujifungua. Mume hakusindikiza mtu kisimani. Hatari ilibaki palepale, na kitabu ndicho walichopoteza.

Mama hakubishana na Baba usiku ule. Asubuhi alichukua kadi yangu ya kliniki, akampelekea mwalimu wangu. Mwalimu alisoma tarehe, akapiga hesabu, akamweleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kulitangaza kijijini kwetu. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, awe mvulana au msichana. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inakataza uchumba na ndoa za watoto.

Shauri likaenda kwenye baraza la wazee, mbele ya chefu wa kijiji. Mwalimu alisoma sheria yake. Mzee mmoja aliyekuwa amewahi kufanya kazi ya ofisi akajibu kwamba Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Hakudanganya. Kifungu hicho kilikuwa bado kimeandikwa kwenye kitabu, na kiliendelea kuwepo mpaka sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilipokirekebisha na kuweka miaka 18 kwa mwanamume na mwanamke sawasawa. Kwa hiyo tulikuwa na sheria mbili barazani, na kila upande umeshika yake. Ndipo mzee mwingine akasema maneno ambayo watu wote waliyakubali kwa kichwa: "Sheria iko Kinshasa. Njia iko hapa."

Mama akaomba ruhusa ya kusema. Akasimama, akafunga kikwembe chake vizuri, akasema, "Wazee wangu, kama tatizo ni njia, tuzungumze njia. Sisi akina mama wa likelemba tunakwenda shamba kila asubuhi. Mashamba yetu yako pembeni ya njia hiyohiyo ya shule. Tutaondoka pamoja na watoto."

Baba akauliza, "Na jioni?"

"Na jioni tutarudi nao. Jembe langu halitatangulia nyumbani kabla ya mtoto."

Chefu alimwuliza Baba kama ana neno. Baba alisema, "Njia ikilindwa, sina neno." Ikaamuliwa kwamba posa isubiri mpaka nitimize miaka 18, na kwa kuwa ng'ombe walikuwa hawajaswagwa, hapakuwa na deni la kurudisha. Familia ile haikusubiri. Mimi nikarudi darasani.

Hapo ndipo maisha yangu yalipobadilika, na nataka kueleza jinsi mabadiliko yale yalivyofanya kazi, kwa sababu mtu hawezi kuiga asichokijua. Likelemba ilikuwa kikundi cha akina mama cha kuchangiana fedha kwa zamu. Waligawana njia vipande vipande kulingana na mashamba yao. Wasichana tulikutana mahali pamoja, tukaenda kwa kundi, na kila kipande cha njia kilikuwa na mama mmoja au wawili wanaolima huku wakituangalia. Siku ambayo kulisikika risasi au sura ngeni zimeonekana kwenye mikaratusi, neno lilipita kutoka shamba hadi shamba na hatukutoka. Baada ya muda hata wamotari walijua kwamba msichana wa shule akiwa peke yake barabarani kuna jambo, wakawa wanasimama kumwuliza mama yake yuko wapi.

Kulinda njia kuliwafundisha akina mama kuona mengine. Waligundua kwamba tulikuwa tunachelewa kwa sababu ya kuchota maji kabla ya masomo, na kwamba kuchelewa ndiko kulikotufanya tupite peke yetu. Kwa hiyo bidoni za asubuhi zikahamia kwa kaka zetu. Kulikuwa na manung'uniko, kwani maji yalihesabiwa kuwa kazi ya msichana, lakini Baba mwenyewe aliwaambia kaka zangu kwamba mkono wa mvulana haujafungwa kamba. Waligundua pia kwamba baadhi yetu hatukwenda shule siku za hedhi kwa sababu choo kilikuwa kimoja na hakikuwa na mlango. Wakashona vitambaa, wakachangia mbao, na wasichana wakapata choo chao chenye kufungwa. Kwa mtu wa mbali mlango wa choo ni jambo dogo. Kwetu ulikuwa siku kadhaa za masomo kila mwezi.

Na ulipofika wakati wa mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, ambao wanafunzi wengi huufanyia kwenye kituo kilicho mbali na kwao, likelemba ilituma mama mmoja atangulie kutafuta nyumba ya kulala wasichana peke yao. Wasichana wengi wa Kongo wameharibikiwa na maisha katika siku chache za kulala ugenini kwa ajili ya mtihani. Sisi tulilala na mama mlangoni.

Nilichagua ualimu tangu mwaka wa tatu wa sekondari, na diploma yangu niliipata mwaka 2016, mwaka uleule sheria ya ndoa iliporekebishwa. Baba aliikunja ile karatasi ya matokeo akaenda nayo kanisani. Hakusema mengi. Lakini mdogo wangu wa kike alipofika miaka 15, hakuna aliyethubutu kutaja ng'ombe mbele ya Baba.

Septemba 2019 nilikuwa nimeshaanza kufundisha wakati serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi ya bure, ambayo Katiba iliiahidi tangu 2006 katika kifungu cha 43. Madarasa yalifurika. Watoto walikaa chini kwa kukosa mabenchi, na mimi nilipoteza sauti. Lakini kwa mara ya kwanza niliona wasichana wakijaa mpaka mlangoni, kwa sababu baba hakulazimika tena kuchagua kati ya mtoto na mtoto. Ugumu umehamia juu. Sekondari bado ina minervali, yaani karo, na hapo ndipo wasichana wetu wanapoanza kupungua, mmoja anakwenda Goma kufanya kazi za nyumbani kwa watu, mwingine anachukuliwa na mchimba koltani wa Rubaya mwenye pesa za leo na asiye na neno la kesho.

Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, aliyekuwa mkuu wa kundi la NDC huko Walikale, kifungo cha maisha kwa makosa ya kivita, na ubakaji ukiwa miongoni mwa makosa hayo. Nilimsomea Baba habari hiyo. Alikuwa hajasahau Luvungi, ambako wapiganaji wa Sheka walikuwa miongoni mwa walioingia. Akasema, "Kumbe kesi hufika, hata ikichukua miaka kumi." Kwa mzee aliyekuwa anaamini kwamba mwenye bunduki hana wa kumwuliza, hilo lilikuwa badiliko kubwa. Nimeliweka katika ushuhuda huu kwa sababu haki mahakamani nayo ni sehemu ya kulinda njia. Mtu akijua ataulizwa, mkono wake unasita.

Kisha vita vikarudi. Februari 2023 kundi la M23 liliingia Mushaki, nasi tukateremka tena, safari hii mpaka Bulengo, kando ya Ziwa Kivu. Nilikuwa mtu mzima sasa, na niliyaona kwa macho ya mwalimu yale niliyoyapitia nikiwa mtoto. Vibanda vya turubai vilibanana mpaka hakuna siri. Chakula kilikuwa kidogo, na mwanamke aliyetaka kupika ilibidi aende kutafuta kuni kwenye Hifadhi ya Virunga. Huko ndiko wanawake walikokuwa wakisubiriwa na wabakaji. Kati ya tarehe 17 na 30 Aprili 2023 pekee, Médecins Sans Frontières iliwatibu wahanga 674 wa ukatili wa kingono katika kambi za kandokando ya Goma. Nilipoisikia hesabu hiyo niliwafikiria watoto wa darasa langu mmoja mmoja.

Tulifanya tulilolijua. Akina mama wa Mushaki waliokuwa Bulengo waliunda makundi ya kwenda kuni, na wasichana wadogo walikatazwa kabisa kwenda. Walimu tuliokuwa kambini tuliwakusanya watoto chini ya turubai, tukawasomesha kwa ubao wa kuazima. Msichana aliye darasani ni msichana ambaye mtu anajua yuko wapi. Nasi tuliwafundisha watu jambo moja ambalo naomba kila anayesoma hapa alifikishe nyumbani kwake: aliyebakwa afike hospitali kabla saa 72 hazijapita. Ndani ya muda huo kuna dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI, na kuna dawa za kuzuia mimba. Matibabu ni bure katika vituo vinavyosaidiwa na mashirika. Asioge kwanza, asisubiri kikao cha familia, asipelekwe kujadiliwa fidia ya mbuzi. Apelekwe kwa muuguzi. Aibu yote ni ya aliyetenda.

Januari 2025 Goma ilishikwa, na Februari kambi zikavunjwa. Watu walifunga mizigo wakapanda milima kurudi kwao. Tulikuta nyumba zimeezuliwa, mashamba yamekuwa pori, na mabenchi ya shule mengi yamegeuzwa kuni. Tulianza na tulichokuwa nacho. Sisemi kwamba njia zetu sasa ni salama. Nasema kwamba wiki tuliyofungua shule, kabla ya kuhesabu vitabu, akina mama walikutana kugawana njia. Wengi wao ni wasichana wa rika langu, wale waliosindikizwa zamani. Hakuna shirika lililowaita. Walikuja kwa sababu wanajua jinsi kusindikizwa kulivyowafaa.

Mimi katika darasa langu nina kazi nyingine niliyojipa. Kila mtoto anapoandikishwa ninamwuliza mzazi karatasi ya kuzaliwa, na wengi hawana. Sheria inasema mtoto akiandikishwa kwa serikali ndani ya siku 90 tangu azaliwe, hakuna malipo. Siku hizo zikipita, inahitajika hukumu ya mahakama, na gharama inaanza. Msichana asiye na karatasi hana umri. Anayetaka kumwoza atasema amekua, na hakuna wa kumpinga. Ninawaonyesha kadi yangu ya kliniki, iliyochakaa na kupoteza rangi, nawaambia kwamba Mama asiyejua kusoma aliitunza kuliko sahani zake.

Aprili 2024, tukiwa bado kambini, redio ilitangaza kwamba Judith Suminwa Tuluka ameteuliwa kuwa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza katika nchi yetu. Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, naye alikuwa anachota maji?" Nilimjibu kwamba sijui, lakini najua alimaliza shule. Naamini kati ya wasichana wa Masisi na Walikale wamo mawaziri, madaktari, mahakimu wa kuhukumu kesi kama ile ya Luvungi. Akili wanayo. Wanachokosa ni kufika darasani na kurudi nyumbani wakiwa wazima.

Kwa hiyo namwomba kila mwenye silaha, wa upande wowote, akae mbali na shule na njia zake. Nawaomba machefu waweke usalama wa njia ya shule katika ajenda ya kila baraza, kama wanavyoweka mipaka ya mashamba na kazi za pamoja za salongo. Nawaomba wanaotusaidia wasituletee semina tupu. Watuletee mabenchi, milango ya vyoo, vitambaa vya hedhi, na minervali ya sekondari kwa msichana aliyefaulu.

Na wewe, baba yangu, unayekaa usiku ukiwaza mahali pa kumficha binti yako, woga wako naujua, niliukuta nyumbani kwetu. Kesho asubuhi usihesabu ng'ombe. Itembee njia ya shule pamoja naye mpaka mwisho, ujue inapotisha ni wapi, kisha rudi kwenye baraza uwaambie wenzako kipande utakachokilinda wewe.